Sikukuu ya Wageni: Karema na Siku ya Kupalizwa

Karema, mji wa ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo zamani ilihesabiwa kuwa sehemu ya wilaya ya Mpanda na sasa imo ndani ya mkoa wa Katavi, haukujengwa na wenyeji wake. Wabende na Watongwe ndio wenye nchi ile tangu kale, na Wafipa, Wapimbwe na Wakonongo ni majirani zao. Walakini mji wenyewe, pamoja na boma lake na kanisa lake, uliasisiwa na watu waliotoka mbali, ambao aghalabu hawakujuana kabla ya kukutana pale: maafisa wa Kibelgiji, askari wa Kizanzibari, wapagazi wa Unyamwezi, mapadri wa Kifaransa, watoto walionunuliwa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, na tabibu mmoja aliyezaliwa karibu na mto Niger. Watu wa namna hiyo hawakuwa na kaburi la babu mmoja la kulizunguka, wala mzimu wa kutambikia kwa pamoja, wala mavuno ya shamba la ukoo ya kuyachezea ngoma. Siku za kukutana walizipata katika kalenda ya Kanisa Katoliki. Na katika siku hizo nitaishika moja hasa, tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, kwa kuwa siku hiyo ilikwisha kuletwa katika Afrika ya Mashariki na Wareno karibu karne tatu kabla Karema haijapata padri, ikaadhimishwa chini ya mizinga, kisha ikafutika. Mbona ilifutika Mombasa ikadumu Karema, ilhali kalenda ni ileile, na Misa ya Kilatini ni ileile?

Haikuwa kwamba Karema ilianza bila ya ngome. Mwezi wa Agosti 1879 alifika hapo Kapteni Ernest Cambier, mtumishi wa Chama cha Kimataifa cha Afrika, ambacho Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikiunda Brussels mwaka 1876, kwa jina la elimu na huruma lakini kwa tamaa aliyoijua mwenyewe. Cambier alichagua kilima kilichokuwa karibu na maji, akajenga boma lililoitwa kwa jina la mfalme, na bendera ya samawati yenye nyota moja ya dhahabu ikapepea juu yake. Mahali palichaguliwa vibaya, au tuseme ziwa lilimgeuka: mto Lukuga, ulio mlango wa ziwa upande wa magharibi, ulikuwa umezibua takataka zilizouziba, maji yakaanza kushuka mwaka hata mwaka, na boma lililojengwa ili liitazame bandari likaachwa juu ya nchi kavu likitazama matope na majani.

Wakati uleule mfalme alifanya jaribio lililowashangaza watu wa njia nzima ya misafara. Tembo wanne wa Bara Hindi, waliofunzwa kubeba mizigo, walishushwa pwani ya Dar es Salaam mwaka 1879 pamoja na watunzaji wao wa Kihindi, wakaswagwa kwenda bara chini ya amri ya Kapteni Carter. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema mwishoni mwa mwaka ule, naye hakuishi sana. Carter mwenyewe aliuawa Mpimbwe mwaka 1880 pamoja na mwenziwe Cadenhead, katika vita vya watu wa mtemi Mirambo wa Unyamwezi. Ramaeckers, aliyeshika amri baada ya Cambier, alifia Karema Februari 1882. Afisa mwenzao Becker alikaa, akarudi kwao akaandika kitabu. Mwingine, Storms, alikuja, akavuka ziwa mwaka 1883 kuanzisha kituo cha Mpala, akarudi kwao naye. Watu hawa walikuwa mabachela wa safari, kila mmoja na mkataba wake na tarehe yake ya kuondoka, na bendera yao ilikwenda zake pamoja nao. Mkutano wa Berlin ulipompa Leopold nchi ya Kongo, upande wa mashariki wa ziwa haukumfaa tena, na mwaka 1885 aliwaachia Karema na Mpala mapadri wa Kadinali Lavigerie.

Kabla ya kuwafuata mapadri hao, sharti turudi pwani.

Wareno walikuwa na ada ya kuzipa nchi majina ya siku walizozifikia: waliyoiona siku ya Noeli mwaka 1497 wakaiita Natal, na kisiwa cha Bukini, ambacho jahazi lao lilikiona siku ya Mtakatifu Laurenti mwaka 1500, wakakiita kwa jina la mtakatifu huyo. Kwao kalenda ya watakatifu ilikuwa ramani ya pili. Francis Xavier, ambaye baadaye alikuwa mtakatifu mkubwa wa Goa, alitia nanga Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda Bara Hindi. Ngome ya Mombasa, waliyoanza kuijenga mwaka 1593, waliipa jina la Yesu. Na watawa wa Mtakatifu Agostino walifika mwaka 1597 wakajenga nyumba yao ya kitawa katika mji. Kwa hiyo Mombasa ilikuwa na makanisa, maandamano, na siku zote kubwa za Lisbon, na waliozishuhudia walikuwa kapteni, askari, wafanyabiashara wachache na wake zao, na watumishi wa Kiafrika waliobatizwa chini ya kivuli cha ngome.

Kisa cha mwaka 1631 kinajulikana, lakini naona haja ya kukisimulia tena kwa sababu ya tarehe yake. Sultani Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto baba yake alipouawa mwaka 1614 kwa njama ya Wareno. Akachukuliwa Goa, akalelewa na Waagostino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, na mwaka 1626 akarejeshwa Mombasa atawale kwa niaba ya mfalme wa Ureno. Wareno walimdharau na kumvunjia heshima; naye, husemwa, alikuwa akienda kwa siri katika kaburi la baba yake kuomba kwa dini ya wazee wake. Katikati ya Agosti 1631, katika sikukuu ya Kupalizwa, wakati ambapo watu wa ngome walikuwa katika furaha na raha ya siku, aliingia na watu wake kama aliyekuja kumwamkia kapteni, Pedro Leitão de Gamboa, akamwua. Kisha moto ukaenea mjini, na Wareno pamoja na Waafrika waliobatizwa wakapewa hiari ya Uislamu au mauti. Wareno walirudi baada ya Yusuf kuihama Mombasa, wakaitengeneza ngome na kuchora maandishi ya kujisifu juu ya lango lake, wakakaa hata Desemba 1698, ambapo Waomani waliitwaa baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu. Tangu hapo maandamano ya Agosti ya Wareno hayakudumu tena Mombasa. Kuta za Ngome ya Yesu zimesimama hata leo, na watalii hulipa kiingilio kuziona, lakini sikukuu iliyofanywa ndani yake haikuacha hata familia moja ya kuisherehekea nje yake. Ilikuwa mali ya kapteni, nayo ikaondoka na kapteni.

Wareno walewale na raia zao walikuwa na namna nyingine ya kuisafirisha sikukuu, na hiyo haikuhitaji mizinga. Katika visiwa vya Azores watu maskini walishika sherehe ya Roho Mtakatifu, ambayo mapokeo huinasibisha na Malkia Isabel wa Ureno aliyefariki mwaka 1336: taji la fedha huwekwa juu ya kichwa cha mtu wa kawaida au mtoto, kisha nyama, mkate na supu hugawiwa kila anayefika, tajiri na fukara, bila kuuliza jina. Wavuvi na wakulima wa visiwa hivyo walipohamia Brazil, kisha California na Massachusetts, hawakungoja askofu wala serikali. Walichanga, wakajenga ukumbi, wakachagua jamaa ya kuusimamia mwaka ule, wakapika. Upande wa kwetu, watu wa Goa waliofika Unguja katika karne ya 19, chini ya kivuli cha masultani wa Busaidi wala si cha Ureno, walikuwa wapishi, washonaji, waokaji mikate, makarani na wapiga picha, na kila mmoja alikuja na mtakatifu wa kijiji chake. Siku tisa kabla ya tarehe 3 Desemba, siku ya Mtakatifu Francis Xavier, walianza sala. Jioni majirani walikusanyika katika nyumba ya mmoja wao, wakaimba litania kwa Kilatini huku fidla ikiwaongoza, kisha wakala dengu za kuchemsha na kunywa kidogo. Na kila mwaka palikuwa na mtu aliyeitwa mwenye sikukuu, ambaye gharama ya mishumaa, muziki na chakula ilikuwa juu yake, na heshima pia ilikuwa yake. Walipohamia Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam kufuata ofisi na reli, walifanya vivyo hivyo. Na wengi walipoondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 kwenda Uingereza na Canada, mwenye sikukuu alisafiri nao. Goa yenyewe ilikwisha kuwatoka Wareno Desemba 1961, wala hapana litania iliyokoma kwa sababu hiyo.

Nasema haya kwa sababu Karema, ijapokuwa haikuona mji wa Wagoa, ilifuata njia hii ya pili. Na aliyeisimamia kwa miaka mingi alikuwa ameionja ile ya kwanza. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza vikarieti ya Tanganyika akiwa na makao yake Karema tangu 1891 hata kufa kwake mwaka 1917, hakuja kwa njia ya Bagamoyo na Tabora kama wenzake. Mwaka 1889 yeye na mapadri wachache walipanda Zambezi na Shire kutoka Quelimane hadi kwa chifu Mponda, kusini mwa Ziwa Nyasa, kwa mapatano ya Lavigerie na serikali ya Ureno, ambayo ilitaka mapadri wawe dalili ya kuwa nchi ile ni yake. Waingereza walipoichukua nchi, mapadri wale hawakuwa na haja ya kukaa. Mwaka 1891 waliondoka, wakapita uwanda wa juu baina ya maziwa mawili, wakaanza kituo Mambwe, na Lechaptois akaendelea hata Karema. Alikuwa ameona kwa macho yake jinsi misheni inayotegemea bendera inavyoanguka bendera inaposhushwa. Nisingethubutu kusema kwamba hilo pekee ndilo lililomfanya atawale Karema kama alivyotawala, bali ni vigumu kuamini kwamba alilisahau.

Basi ni nani waliokuwa Wakristo wa Karema? Mapadri wa Lavigerie, yaani Mapadri Weupe, walioitwa hivyo kwa ajili ya kanzu zao nyeupe na joho la Kiarabu, na rozari iliyoning'inizwa shingoni kama tasbihi ya shehe wa Aljeria, walianzishwa Algiers mwaka 1868. Walifika Ujiji Januari 1879, na tangu siku za kwanza walinunua watoto na wanawake kwa nguo na shanga, fedha zikitoka kwa waumini wa Ulaya, ambao Lavigerie aliwaamsha kwa hotuba zake za mwaka 1888 katika Paris, London na Brussels. Mtoto aliyekombolewa hivyo aliletwa nyuma ya ukuta uleule wa Wabelgiji, uliokuwa sasa bweni, darasa na kanisa. Alikuwa Mmanyema, au Mrua, au Mbemba, au hakumbuki. Lugha ya wazazi wake ilikuwa inamtoka. Akajifunza kusema na wenzake kwa Kiswahili kilichofika ziwani na misafara. Walipokua, waliozwa wao kwa wao, wakapewa kiwanja na jembe, na vijiji vyao vikauzunguka ukuta.

Haifai kuyasifu mambo haya kupita kiasi. Aliyekombolewa hakuwa huru wa kwenda atakako; padri alikuwa baba, mwajiri, hakimu na mshenga kwa pamoja, na binti aliyekataa mume aliyeonyeshwa hakuwa na mjomba wa kumkimbilia. Ulinzi pia ulikuwa wa bunduki: Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa huko Roma, alifika Karema mwaka 1886, kisha akavuka kwenda Mpala kuwalinda Wakristo wa ng'ambo. Huyu naye alitofautiana na maafisa wa Leopold kwa jambo moja lililo kubwa, kwamba alioa mwanamke wa nchi, akazaa, na akafia huko huko mwaka 1927.

Lakini ndani ya maisha hayo yenye sheria nyingi, sikukuu iliwapa watu wale jambo ambalo mapadri labda hawakulipima kimbele. Lavigerie aliamuru kwamba mtu asibatizwe haraka, bali akae miaka minne katika mafundisho, kwanza akivaa medali tu. Na kama ilivyokuwa ada ya misheni zote za shirika lake, ubatizo na komunyo ya kwanza ziliwekwa kwenye siku kuu za mwaka, yaani Pasaka, Pentekoste, Kupalizwa, Watakatifu Wote na Noeli. Sasa kila anayebatizwa sharti awe na msimamizi. Hapo mtoto asiyekuwa na baba alipata baba wa ubatizo, na mwanamke aliyetekwa Marungu akapata binti aliyetekwa Manyema, na watoto wa wasimamizi wakawa ndugu. Kila Agosti ukoo mpya ulifungwa mbele ya watu. Wageni wale waliokuwa hawana shangazi wala binamu, baada ya miaka 20 walikuwa na shangazi na binamu wa kutosha kugombana nao.

Tena Agosti ina fadhila zake, nazo si za Roma wala za Paris. Katika nchi ya Karema mvua zimekwisha zamani, mahindi na ulezi viko ghalani, jembe halijaitwa tena shambani hata mvua za Novemba zikaribie, na njia ni kavu. Pasaka huja matope yakiwa magotini. Noeli huwakuta watu wakipanda. Siku ya Kupalizwa peke yake ndiyo inayomwona mkulima ana nafasi na ana chakula. Kwa hiyo vituo vya Ufipa na vya pwani ya ziwa vilipoongezeka, na makatekista wakatumwa vijijini pasipo padri, watu walizoea kushika njia kwa miguu au kwa mtumbwi kabla ya sikukuu, wake kwa waume, wakibeba unga, samaki wakavu na watoto, wakalala kwa jamaa au nje karibu na kanisa, wakaungama, wakasikia Misa ya asubuhi, wakaandamana nyuma ya msalaba, kisha wakala. Mapadri walizitilia shaka ngoma, hasa za usiku na hasa zenye pombe. Wakazikataza hapa, wakazifumbia macho pale. Mtu aliyetembea siku mbili akiwa na chungu cha pombe ya ulezi hakutembea kwa ajili ya mahubiri matupu, na mapadri walikuwa watu wenye macho.

Aliyekuwa nguzo ya mji huo wa wageni alikuwa Adrien Atiman, na inafaa tukae naye kidogo. Alizaliwa kama mwaka 1866 Tundurma, karibu na Timbuktu. Akaibiwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara, na mwaka 1876 mapadri wakamnunua Aljeria. Lavigerie alikuwa na shauri la kuwasomesha vijana wa Kiafrika utabibu ili wawe walimu wa dini na waganga wa miili kwa pamoja, akawapeleka Malta, ambako Atiman alisoma hata mwaka 1888. Sasa Malta ni kisiwa ambacho kila kijiji kina mtakatifu wake, sanamu yake, bendi yake na usiku wake wa fataki, na tarehe 15 Agosti ni kubwa katika vijiji vingi kupita siku nyingine za kiangazi. Kijana aliyekaa miaka ile yote katika kisiwa kidogo namna hiyo hakosi kuiona. Mwaka 1889 alifika Karema, nchi ya watu weusi wenziwe ambayo hakujua neno moja la lugha zake, akawa mgeni kuliko wote. Hakuondoka tena. Alimwoa Agnes Wansahira, mwanamke wa Kibende wa nasaba ya kitemi, na kwa ndoa hiyo mji wa waliokombolewa ukaungwa na wenye nchi kwa namna ambayo ukuta wa Cambier haukuweza. Mwana wao Joseph alipata upadri mwaka 1923. Yeye mwenyewe alitibu ndui, malale, vidonda na uzazi mgumu, akachanja, akapasua, akafundisha katekisimu, kwa miaka 67, chini ya Wajerumani na Waingereza, hata alipofariki mwaka 1956. Na habari za maisha yake, kwa maneno yake, zilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Maaskofu wa Karema walibadilika, magavana wakabadilika, mganga alikuwa yuleyule. Wazee waliokuwa na uso mmoja wa kuukumbuka katika sikukuu za utoto wao na za uzee wao, uso huo ulikuwa wake.

Wanawake nao wasiachwe nyuma. Katika siku za Lechaptois ndipo ulipoanza utawa wa wasichana wa nchi, ambao leo ni shirika la Masista wa Bikira Maria Malkia wa Afrika. Jina hilo ni ukumbusho wa Algiers, ambako juu ya kilima katika kanisa lililowekwa wakfu mwaka 1872 husimama sanamu nyeusi ya Bikira, na mapadri wa kwanza walikwenda mbele yake kuaga kabla ya safari. Wazazi wa Kifipa na Kibende, ambao kwao binti ni mahari na ni wajukuu, walilipinga jambo hili kwa nguvu, na haki yao katika hoja hiyo si ndogo. Hata hivyo wasichana waliingia, na kazi ya kupamba altare, kufundisha nyimbo, kushona bendera za maandamano na kuwapanga watoto wa komunyo iliwaangukia wao. Kwa mikono yao sikukuu ilipata sura ambayo mtoto wa Karema aliijua kama sura ya nyumbani kwao, asijue kwamba kuna sura nyingine.

Mambo ya baadaye ni mafupi kuyaeleza. Vikarieti ya Tanganyika ilibadilishwa jina kuwa ya Karema mwaka 1946, na ikawa jimbo mwaka 1953. Katikati ya miaka hiyo, tarehe 1 Novemba 1950, Papa Pio wa Kumi na Mbili aliitangaza imani ya Kupalizwa kuwa fundisho la Kanisa lote, jambo ambalo kwa watu walioiadhimisha siku hiyo miaka zaidi ya 60 halikuwa habari mpya. Mwaka 1958 Charles Msakila akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa jimbo hilo. Lakini njia kuu, shule na watu wengi walikuwa Ufipa, na mwaka 1969 jina na makao ya jimbo vikawa vya Sumbawanga. Karema, iliyokwisha kuachwa na ziwa, ikaachwa na askofu. Ngome ya Mombasa ilipompoteza kapteni wake ilipoteza kila kitu. Karema ilipompoteza askofu ilibaki na wasimamizi wa ubatizo, makatekista, waimbaji, masista na makaburi, na Agosti iliyofuata watu walikusanyika.

Kisha nchi hiyo ya Mpanda ilipata wageni tena, na safari hii kwa maelfu. Mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 yaliwafukuza watu wengi kuvuka mpaka, na serikali ya Tanzania ikawapa makazi ya kilimo katika misitu ya miombo: Katumba karibu na mji wa Mpanda, na tangu 1978 Mishamo, upande wa kaskazini. Wengi wao walikuwa Wakatoliki, watoto wa misheni zilizojengwa na Mapadri Weupe walewale, kutoka nchi ambayo tarehe 15 Agosti ni siku ya mapumziko ya taifa zima. Walipewa jembe, mbegu na kiwanja kilichopimwa kwa kamba, kama waliokombolewa wa zamani. Walizuiwa kutoka bila ya kibali, kama wao. Na kama wao walikuta kwamba nyumba ya udongo hujengwa kwa wiki chache, na msitu hufyekwa kwa misimu michache, lakini jirani hupatikana kwa taratibu zaidi. Walikuwa na afadhali moja juu ya waliokombolewa: walikuja na mama zao na bibi zao, na rozari walizozijua tangu tumboni. Serikali ilipoamua kuwapa uraia wale waliotaka, watu wapatao 162,000 kutoka makazi ya zamani walikubaliwa, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014, baada ya miaka 42 ya ukimbizi. Wakati huo Jimbo la Mpanda, lililokatwa kutoka Sumbawanga mwaka 2000, lilikwisha kuwa na waumini wengi waliozaliwa katika makazi hayo, ambao kwa sheria walikuwa wageni na kwa daftari la ubatizo walikuwa wenyeji.

Siku hizi serikali imeijengea Karema bandari mpya, ya saruji na chuma, iliyokusudiwa kupeleka shehena ng'ambo ya ziwa, Kalemie. Na ziwa lenyewe, lisilofuata shauri la mtu, katika miaka ya karibuni limepanda tena. Abiria wanaoshuka hapo wakitoka Kalemie na Moba husalimia kwa Kiswahili chao cha Kongo, huuliza bei ya mchele na mahali pa kulala. Na kwa kuwa kwao pia, ng'ambo ya maji, Mapadri Weupe walijenga vituo katika miaka ileile, hakuna anayehitaji kuambiwa watu wanaandamana kwa nini katikati ya Agosti, wala ni wapi katika mstari huo mgeni anapaswa kusimama.